Mche, Mpaka Kuche

Msiniulize nilikuwa na umri gani. Katika mji wetu umri haukupangwa mstari, kwa sababu hapakuwa na asubuhi za kuuhesabia. Nililala mtoto, nikaamka mjane. Nikalala tena, nikaamka bibi harusi na hina mikononi haijakauka, na hakuna aliyeshangaa, maana kila nyumba ilikuwa na vituko vyake vya aina hiyo. Jambo moja tu halikubadilika. Nikiamka katika umri wowote ule, kata ilikuwa inaning'inia ukutani, na mama alikuwa anakohoa upande wa pili wa pazia, akiniita.

"Sikudhani! Zamu."

Ndilo jina langu, Sikudhani. Mama alinipa kwa sababu hakudhani angepata mtoto. Mimi naona alinifungulia mlango, tangu hapo kila jambo nisilolidhani likawa linaingia bila hodi.

Wengine waliiita hali ile usiku. Mimi sikukubali. Usiku nimesimuliwa habari zake, kwamba una nyota, una mwezi, una watu wanaolala wakiwa na uhakika. Yetu ilikuwa utusitusi tu, rangi ya maji yaliyooshewa sufuria. Si giza la kukufanya uwashe taa, wala si mwanga wa kukuonyesha tundu la sindano. Nguo hazikukauka vizuri kambani. Kuku walitaga wakati wowote walipojisikia, na majogoo waliacha kuwika, maana jogoo naye ana haya, hawezi kuwika kila mara akaumbuka. Zamani za wazee kulikuwa kunakucha. Kisha hakukucha tena. Hakuna aliyejua kosa lilikuwa la nani, ingawa kila mtu alikuwa na jirani anayemshuku.

Wazee wale walituachia neno moja. Waliliandika kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa kisima, herufi kubwa za kuonekana hata na mwenye mtoto wa jicho: MCHE, halafu doa la chokaa pana kama kiganja, halafu MUNGU, na chini yake MPAKA KUCHE. Doa lile alilimwaga fundi mmoja mzembe alipokuwa akipaka ukuta, na kila mtoto wa mji alifundishwa kilichofichwa na doa kabla hajafundishwa jina la babu yake. Chini ya doa kuna "wa". Mche wa Mungu, mpaka kuche. Basi ukapandwa mche kando ya kisima, ndani ya debe, tukaapa kuumwagilia maji mpaka kuche. Kila nyumba na zamu yake, kila zamu kata moja, na mwenye kumwagilia atamke, "Tunakungoja." Maneno mengine hayakuhitajika.

Nikiuita mche naupendelea. Kilikuwa kijiti cha urefu wa mkono, na hakijawahi kutoa jani. Watoto waliapa wamekiona kimechipua, na watoto walichapwa kwa uongo. Kisima chetu kilikwenda chini pima arobaini, na maji yalipatikana kwa ndoo moja kwa nyumba moja, kwa hiyo kata unayoimwaga kwenye debe ni kata ambayo mgonjwa wako hakuinywa. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Nyumba zilizoanza zamu zilikuwa nyingi. Kisha huyu akaumwa mgongo, yule akafiwa, yule akasema atakuja kesho, na kesho kwetu ndiyo hiyo haikuwapo. Hawakutangaza kuacha. Walipungua tu, na zamu zao zikatuangukia mimi na mama yangu, ambaye watu walimwita Bi Mashavu, na jirani yetu Kibibi, na Makungu mshona viatu, na wengine wachache wenye shingo ngumu.

Nilikuwa nikizungumza njiani. Siiti kusali; kusali kuna adabu yake. Nilikuwa nikisema hivi: Tunakungoja. Unasikia? Tunakungoja, mama anakohoa, na mimi mikono yangu tazama. Subira huvuta heri, sawa, tunavuta, mbona kamba haina mwisho? Asubuhi moja inakupunguzia nini wewe? Moja tu. Hata fupi. Hata yenye mvua. Nimechoka. Sikusema nimechoka kidogo, nimesema nimechoka. Au umesahau mtaa? Haya, kaa kimya. Kaa. Sisi si tupo?

Hakunijibu. Nikarudi zangu kulala, na nilipoamka nikaishika kata tena, nikaenda tena. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba nilikwenda.

Ndipo akaja Mwalimu Ngwali. Alikuwa msahihishaji. Kazi yake ilikuwa kupita miji akisoma vibao, mawe ya makaburi na majina ya kanga, na kurekebisha palipokosewa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye wino kwenye kucha, na alichukia herufi isiyo na kazi kuliko nilivyochukia ukimya. Alinikuta kisimani nikiwa zamu. Akasimama mbele ya ukuta, kichwa amekilaza upande mmoja.

"Dada, samahani. Hapa chini ya chokaa pana nini?"

"Pana wa."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

"Na huyo kila mtu kaliona lini?"

Nikamtazama kutoka kandambili mpaka kofia. "Mgeni, umekula?" nikamuuliza, maana maswali mengine ni njaa tu.

Alicheka, akasema hajala, lakini kwanza kazi. Akatoa mswaki mkuukuu, kitambaa, na chupa ya siki. Akaanza kusugua lile doa taratibu, kama mama anayemsafisha mtoto masikio. Kibibi alikuwa anapita na ndoo yake, akasimama. Makungu akaja na kiatu cha mtu mkononi. Wengine wakajaa nyuma. Chokaa ikatoka kwa maganda madogo, kisha kwa ganda moja kubwa, na chini yake palikuwa na ukuta. Ukuta mtupu, mkavu, ambao haujawahi kuguswa na rangi.

Hapakuwa na "wa".

"Nilivyodhani," akasema Mwalimu Ngwali, na uso wake ulifurahi kweli, maskini. "Mche Mungu mpaka kuche. Si mche wa kupanda, jamani. Ni kucha, kumcha. Mche Mungu, yaani mwogope, mtii, shikamana naye mpaka kupambazuke. Na tazameni, hakuandika mcheni. Anazungumza na mtu mmoja. Ni sentensi nzuri sana hii, haikuhitaji kitu."

Mimi nilikuwa nimeshika kata, imejaa. Kibibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaitua ndoo, akajishika kiuno, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, na hatukujua tumshike au tumwache.

"Herufi mbili!" akasema. "Mgongo wangu mimi umepinda kwa herufi mbili! Mume wangu amekufa ananiomba maji, nikamwambia subiri nitoke zamu. Kwa herufi mbili!"

Makungu alikitua kile kiatu chini. Alilisogelea debe, akakishika kijiti, akavuta. Kilitoka bila ubishi. Hakikuwa na mzizi hata wa dawa. Akakigeuza, akatuonyesha chini yake palivyochongwa, na tukaona kilichokuwa siku zote mbele ya macho yetu, kwamba ni kipande cha mpini wa jembe. Akakitupa.

"Haya," akasema. "Kama wa ni uongo, na mwenyewe Mungu je?"

"Hapana, hapana," Mwalimu Ngwali akasema, ameinua mswaki wake. "Neno limebaki. Neno limekuwa wazi zaidi. Mimi nimetoa doa tu." Lakini hakuna aliyemsikiliza. Ungedhani mtu amefungua mlango wa zizi. Walitupa kata zao pale pale, nyingine zikapasuka, wakaondoka wakizungumza kwa sauti kubwa, na wengi walikuwa wakicheka. Alibaki yeye na mimi. Akaniomba radhi. Nikamwambia hana kosa, na nilikuwa natamani kumpiga.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokwama, na sijakwamuka mpaka leo, kama kuna leo. Mtu akiwa mwaminifu kwa neno alilolisoma vibaya, uaminifu wake unakwenda wapi? Maji yale yote, pima arobaini kila mara, yalikwenda kwenye mpini wa jembe. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho. Lakini "Tunakungoja" niliyoitamka sikuuambia mpini. Au niliuambia? Nilipokuwa nikisema "unasikia", nilikuwa nikisema na nani? Kama nilikuwa nikisema naye, basi kwa nini hakunikoholea hata mara moja, kwamba we Sikudhani, mwanangu, umekosea, tua hiyo kata ukalale? Baba gani anamtazama mtoto anatwanga maji kwenye kinu, umri baada ya umri, asimwambie? Nilizunguka kisima kile nikijiuliza. Nikazunguka tena. Miguu ilikuwa haitaki kukaa. Nilikuwa na hasira ya kuuma mawe, na haikuwa hasira ya Mwalimu Ngwali, wala ya fundi na chokaa yake.

Nikaenda nyumbani. Sikubisha hodi, nilivuta pazia.

"Mama, tulisoma vibaya. Hapana wa."

"Najua," mama akasema.

Alikuwa amelala ubavu, shuka imemfika kidevuni. Nikadhani homa ndiyo inayojibu.

"Unajua nini, mama?"

"Kwamba hapana wa. Nilikuwa msichana, fundi hajamwaga chokaa yake. Nililisoma ukuta ukiwa mzima. Mche Mungu mpaka kuche. Nikamsomea na bibi yako."

"Ukanyamaza?" Nilisikia sauti yangu ikipanda. "Mama! Umri wangu wote? Mimi nimekuwa mtoto kisimani, nimekuwa mzee kisimani, nimeacha harusi yangu mwenyewe watu wanakula pilau nikaenda kisimani. Ukajua, ukanyamaza?"

"Kaa chini."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini usikilize." Akakohoa, pazia likatikisika, nikamngoja. "Mimi nilijaribu kumcha hivi hivi, mikono mitupu. Siku ya kwanza nilimcha. Ya pili nikamcha. Ya tatu nikasahau, nikakumbuka jioni, na jioni enzi hizo zilikuwapo. Kumcha Mungu hakuna mpini, Sikudhani. Utashika wapi? Kata ina mpini. Watu walipoanza na hadithi yao ya mche nikasema, waache, na mimi nitashika hapo hapo. Kuna nyakati nilikuwa siamini kitu chochote, nakwambia kweli, roho tupu kama sahani. Mkono ukaenda kisimani, nami nikaufuata kwa sababu ni mkono wangu."

"Ungeniambia. Ningeweza—"

"Ungeweza nini?"

"Ningeweza kulala!"

"Hilo kweli," mama akasema. "Ungelala."

Nikalia. Sikulia kwa uzuri, nililia makamasi. Mama alikuwa anakufa. Nalisema bila kulizungusha. Kifua chake kilikuwa kimekula utusitusi kikashiba, na kila pumzi ilikuwa inapita kwa kujibana. Na dawa yake ilikuwapo, nami nilijua iliko, na hilo ndilo lililokuwa likinitafuna tangu zamani.

Lango la kaskazini lilikuwa wazi siku zote. Ng'ambo yake kuna mchana. Si uvumi; ukisimama pale unaona mwanga unapiga kwenye mawe, mweupe, na vivuli vya watu vina miguu. Kuna hospitali kule, kuna maji ya bomba. Langoni pana meza, pana karani, na karani anakuuliza swali moja: "Una unayemngoja?" Unajibu, "Sina." Basi. Anagonga muhuri, unapita. Hawapigi mtu wala hawana hata rungu. Wenye nchi ile hawataki tu kuishi na watu ambao jicho moja liko barabarani. Miaka yote, kama ilikuwa miaka, hatukupita kwa sababu ya neno lile dogo. Sasa mji mzima ulikuwa umepanga foleni.

"Nakupeleka langoni, mama."

Nilidhani atanikatalia, na nilikuwa nimejiandaa kugombana. Alitoa mkono nje ya shuka, akanishika kidole kimoja, si zaidi.

"Sema upite, mwanangu. Nikionana naye mimi nitamweleza. Nitamwambia mtoto alikuwa amechoka."

Afadhali angenikataza.

Niliazima mkokoteni, nikautandikia godoro, nikamlaza, nikamfunika kanga mbili. Foleni ilianzia msikitini ikapita kanisani ikazunguka soko. Watu walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Kibibi alikuwa mbele yangu na mzigo wake kichwani, macho mekundu, lakini mdomo wake ulikuwa umesharudi mahali pake.

"Unaogopa nini? Ulimi hauna mfupa, mwaya. Unasema, unapita, ukifika kule unatubu kimyakimya."

"Na akinisikia?"

"Nani?"

Tukatazamana. Halafu tukacheka wote wawili, mpaka mtu wa nyuma akatuuliza kuna nini.

Foleni ilikwenda. Sina, nilikuwa najizoeza. Sina. Ni jepesi, silabi mbili tu, na neno dogo si kitu, herufi mbili ndizo zilizotuweka kisimani umri mzima. Sina. Nilipoinua macho nikamwona mwanamke mbele kabisa, mezani, na mkokoteni. Kanga zake zilikuwa zangu. Kisigino chake cha kushoto kilikuwa na ufa, kama changu. Alikuwa mimi, nimeshafika. Kwetu mambo hayo hutokea, sikushangaa sana. Nilimsikia akisema neno lile kwa sauti yangu, bila kukwaruza. Muhuri ukagongwa. Mwanga ukamwangukia shingoni, mabega yake yakashuka, akaenda. Mkokoteni wake sikuuona una nini, karani alikuwa amenikinga. Nilimwonea wivu, siwafichi. Nilimwonea wivu mpaka meno yakauma.

Hatua kumi zimebaki. Nikaanza kumwambia. Nakuarifu mapema, nikamwambia, nisije nikaonekana mwizi. Nakwenda kusema huna... nakwenda kusema sina. Ni kwa ajili ya mama. Wewe ndiye uliyenifikisha hapa. Ungekuja wakati wowote, hata saa ile Kibibi anafiwa, ungekuja, tusingepanga foleni. Usinilaumu. Mtu hawezi kungojwa hivi. Hata bwana harusi akichelewa, shangazi zake hutuma mtu. Wewe umemtuma nani? Umetuma mzee na chupa ya siki! Ndiyo habari uliyotuletea, kwamba tulikosea? Tulijua tumekosea! Tulikuwa tunangoja utuambie tumekosea wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Hatua tano. Niliendelea kumpasha. Mtu wa nyuma akaniuliza, "Dada, unasema na nani?" Nikamwambia, "Na mtu." Halafu nikasikia nilichojibu.

Kibibi akafika mezani, akasema, "Sina," haraka, kama anayemeza kwinini, akapita. Hakugeuka. Nikabaki mimi.

Karani alikuwa mtu wa makamo, ana miwani na pipi ya kifua shavuni. Aliinuka kidogo kwenye kiti alipouona mkokoteni.

"Shikamoo, mama."

Mama alikuwa amefumba macho. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka.

"Amelala," karani akasema kwa upole. "Si neno. Mgonjwa haulizwi uji, dada, msemee wewe. Kwa hiyo mtasema 'Hatuna', mara moja, kwa niaba ya wote wawili. Hospitali ni pale, jengo la pili, wana oksijeni." Akaweka kalamu tayari. "Mna mnayemngoja?"

Hatuna. Nilikuwa nimejizoeza sina, sikuwa nimejizoeza hatuna, lakini tofauti ni ndogo tu, na mimi si mjinga. Nikafungua mdomo. Nilikusudia kulisema, mtu asije akanipamba. Nililitafuta lile neno, nikalipata, nikalileta mpaka kwenye meno. Na hapo hasira zangu zikanijia zote kwa pamoja, za kila umri, za yule mtoto na za yule mjane na za bibi harusi aliyeacha pilau lake, zikajaa kifuani zikasimama, zinangoja kupelekwa kwa mwenyewe. Nikajiuliza, nikisema hatuna, hizi nitampa nani? Nitaingia nazo kwenye mchana wa watu, nikamgombeze bomba? Nimemlaumu huyu tangu nipate ulimi. Sijapata kumnyamazia hata zamu moja. Huwezi kumgombeza asiyekuwapo. Wendawazimu ndio wanaofanya hivyo, na mimi sikuwa mwendawazimu, nilikuwa nimechoka tu.

"Tunaye," nikasema.

Karani akainua macho. "Samahani?"

"Tunaye! Na amechelewa. Amechelewa vibaya sana, hana hata aibu. Nina maneno na huyo, nina maneno mengi, na siwezi kumwambia mtu mwingine."

"Dada." Aliteremsha sauti. "Hospitali ni jengo la pili. Unaliona kutoka hapo ulipo."

"Naliona."

"Mama yako—"

"Usiniambie habari za mama yangu!" Nilikuwa nalia, nimeshika mkokoteni kwa mikono miwili. "Unadhani sijui? Andika ulichosikia."

Aliandika. Sikuona ameandika nini. Aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akasema polepole kwamba tafadhali nipishe njia. Nyuma walikuwa wameshaanza kupiga kelele. Mmoja alinisonya. Makungu alikuwa kwenye foleni, akatazama viatu vyake. Kugeuza mkokoteni penye watu wengi ni kazi. Niliurudisha nyuma, nikaupeleka kando, gurudumu likamkanyaga mtu, nikaomba radhi, nikasukuma. Wote walikuwa wakija, mimi peke yangu nilikuwa nakwenda, na uso wa kila niliyempita ulikuwa na mwanga kidogo ambao mimi nilikuwa nimeupa mgongo. Sikuwa na furaha. Sikusikia sauti wala sikuona dalili. Nilikuwa nawaza kwamba nimemuua mama yangu.

Tulipofika mahali ambapo kelele zimepungua, mkono ulitoka chini ya kanga, ukashika ubao wa mkokoteni.

"Tumepita?"

"Hatukupita, mama."

Alivuta pumzi, akaitafuta nyingine, akaipata. "Umemwambia nini mtu wa watu?"

"Nimemwambia tunaye. Ila amechelewa."

Nilisimama, nikainama, nikamwangalia nikiogopa. Alikuwa amefumbua macho, anatazama juu, mahali ambapo mbingu huwa, amekunja uso kama mwenye nyumba aliyeandaa chakula kikapoa.

"Kachelewa kweli," mama akasema. "Kachelewa mno, huyu." Akakohoa, akajivutia kanga shingoni. "Haya, nisukume twende tukamngoje ndani. Hapa nje pana baridi."